Kinshasa: Chungu cha mama malewa hakistahili kupigwa teke

Anayetoka Goma, Bukavu, Uvira ama Bunia na kufika Kinshasa kwa mara ya kwanza hufika na anwani ya jamaa mmoja na maonyo matatu: usitoe simu barabarani, usipande taxi usiyoijua, usile ovyo. Onyo la tatu ndilo linavunjwa mbele ya mengine. Ambuteyaji inamshika kwenye boulevard Lumumba akitoka uwanja wa ndege wa Ndjili, moshi wa makala unaingia kwa dirisha la gari, na njaa inamaliza kazi.

Wala si kosa. Mji wenye watu zaidi ya milioni 15 haulishwi na hoteli za Gombe. Huko Gombe meza ni safi, menyu ni ya Kifaransa, bei ni ya dola, na samaki anayeletwa angeweza kuliwa vilevile katika mji wowote wa dunia. Mgeni anayeishia hapo anarudi nyumbani akiwa ameiona Kinshasa, lakini bila kuionja.

Kuionja kunaanzia Bandalungwa, mtaa ambao kila mtu anauita Bandal. Jioni, pembeni ya barabara, mbuzi waliokatwa vipande wamelala juu ya nyavu za chuma, mafuta yanadondoka kwenye makala. Hiyo ndiyo ntaba. Mteja haletewi menyu: ananyoosha kidole kwenye kipande anachokitaka, wanabishana bei, mchomaji anakikatakata kwa kisu kikubwa na kukiweka juu ya karatasi ya kaki, pamoja na vitunguu vibichi, chumvi na pilipili inayotoa machozi. Pembeni kuna kwanga. Mtu wa Kivu aliyezoea bugali ya moto hushtuka kidogo kwa harufu yake ya uchachu, maana muhogo wake umelowekwa siku kadhaa kabla ya kusagwa, kufungwa ndani ya majani na kupikwa. Lakini kwanga hukaa siku nyingi bila kuharibika, ndiyo sababu wasafiri wa mto wanaipenda, na ndiyo sababu inaweza kusafirishwa kutoka Kongo Central na Kwilu kwa barabara ya taifa namba 1 hadi masoko ya mji mkuu. Baada ya kipande cha tatu cha ntaba, uchachu ule unaeleweka.

Usiku ukiendelea hutokea kuku wa kuchomwa na mayoneze, poulet mayo kama wanavyosema wenyewe, na kamundele, vijiti vya nyama ambavyo mtu wa Goma atavitambua haraka kwa jina la brochette. Hapo hakuna la kujifunza sana. Ni kula tu.

Mchana ni mambo mengine. Mchana ni wa malewa: kibanda cha mabati au mwavuli tu, mabenchi mawili, vyungu vikubwa vyenye mifuniko, na mama mmoja anayejua nani anadaiwa na nani analipa mwisho wa mwezi. Hapo hukaa mfanyakazi wa serikali aliyevaa tai, wewa aliyeegesha pikipiki yake, mwanafunzi, na askari. Wanakula wali na maharage, ambayo huko huitwa madesu, fumbwa, majani ya porini yaliyokatwa nyembamba na kupikwa na karanga, makayabu, mbinzo kwa wasioogopa viwavi, na pondu. Kuhusu pondu, mgeni wa Mashariki ana haki ya kubisha, kwani ni sombe yake mwenyewe. Atasema kwao inapondwa vizuri zaidi. Mama malewa atamjibu kwa Kilingala, hawataelewana kabisa, na sahani itarudi tupu.

Kwa siku ya Jumapili, wenyeji humtuma mgeni Kinkole, bandari ya wavuvi katika komuni ya Nsele. Samaki hufungwa ndani ya majani mapana pamoja na nyanya, vitunguu na pilipili, kisha kifurushi huwekwa juu ya makala. Kifurushi hicho ni liboke. Ni neno lilelile linalotumika kusema umoja: liboke moko, kifurushi kimoja. Na maskani ya kula na kunywa, nganda, nayo ilichukua jina lake kwa wavuvi, kwa kuwa neno hilo lilitaja kambi yao ya mtoni kabla ya kuhamia mjini.

Lakini anayefungua macho kwenye meza hizo anaona pia aibu ya nchi. Samaki wa mtu wa kawaida Kinshasa si wa Kinkole. Ni mpiodi, samaki wa bahari aliyegandishwa, ambaye wengi wao huvuliwa Namibia na kuingia kwa bandari ya Matadi. Nchi yenye mto Kongo, yenye ziwa Tanganyika, Kivu, Edward na Albert, inanunua nje samaki wa maskini wake. Sambaza wa ziwa Kivu hawezi kumfikia mlaji wa Bandal, kwa kuwa kati ya Goma na Kinshasa kuna zaidi ya kilomita 1,500 na hakuna barabara ya kuaminika. Fromage ya Masisi ilikuwa inafika kwa ndege. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025, vita vilipouingia mji. Kwa hiyo mkaaji wa mji mkuu anajua zaidi ladha ya bahari ya Namibia kuliko ladha ya Kivu.

Na wale wanaolisha mji huo wanaishi wakitazama nyuma. Kila uongozi wa Kinshasa huja na operesheni yake. Ilikuwa Kin Bopeto mwaka 2019. Ikaja Coup de poing chini ya gavana Daniel Bumba. Nia inaeleweka, na ingekuwa unafiki kuikataa yote: mtembea kwa miguu ana haki ya njia yake, chupa na mifuko ya plastiki huziba mifereji, mvua ikinyesha maji huingia kwenye nyumba, na kipindupindu si hadithi katika mji huo. Chakula kinachopikwa pembeni ya mtaro uliojaa taka ni hatari kwa anayekila.

Tatizo ni kwamba operesheni huishia kwenye kupindua. Meza inavunjwa, chungu kinamwagwa, mbabula inachukuliwa, na baada ya wiki chache mama yuleyule amerudi mita ishirini kutoka pale alipokuwa, akiwa na deni jipya la likelemba. Soko kuu la Zando lilipofungwa mwaka 2021 ili lijengwe upya, wauzaji walitawanyika mitaani. Kumfukuza muuzaji barabarani bila kumwonyesha mahali pa kwenda ni kumhamisha tu kutoka kona moja hadi nyingine.

Kinachohitajika si kikubwa kama barabara za juu. Bomba la maji kwa kila kundi la vibanda. Paa. Mapipa ya taka yanayotolewa kweli. Mkaguzi wa afya anayekuja kutazama maji na vyungu, si kuomba sahani ya bure. Kodi moja yenye risiti, badala ya mikono mitano kwa siku. Wauzaji wanalipa tayari. Wangelipa kwa moyo zaidi kama wangeona bomba.

Desemba 2021, UNESCO iliandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa binadamu, na Kinshasa ilisherehekea kwa haki. Katika kikao hichohicho Senegal iliandikisha ceebu jën, wali wake kwa samaki. Wasenegali walielewa kwamba chungu ni urithi kama gitaa. Huko Matonge, rumba ilikua pembeni ya nganda na moshi wake. Waliopiga gitaa walikula kwa nani?

Suala hili linagusa Mashariki pia, si kwa ladha tu. Familia zilizokimbia Goma na Bukavu mwaka 2025 na kufika mji mkuu bila kazi zina biashara moja inayowezekana kuanza kwa pesa kidogo: mbabula, sufuria, na sombe iliyopikwa kama kwao. Kabla ya operesheni inayofuata, ofisi ya gavana iseme wazi zitapika wapi.