"Nasikia" ya Mwaloni

 

Sisi watu wa Ujiji hupenda kuwaonyesha wageni mahali walipokutana Stanley na Livingstone mwaka 1871. Tusilolisimulia ni uvumi uliotangulia. Mwishoni mwa mwaka 1866 watu wa Nzwani waliomtoroka Livingstone walifika Unguja wakatangaza kuwa ameuawa. Wengi waliamini, hata ikabidi mwaka 1867 E. D. Young apelekwe Ziwa Nyasa kuchunguza, akakuta ni uongo. "Marehemu" huyo akaingia Ujiji mwaka 1869 akiwa hai.

Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuihakikisha habari kabla hatujawadhuru watu kwa ujinga. Amri ya namna hii haikuanzia kwetu. Wayahudi, katika sheria wanayoinasibisha na Nabii Musa (A.S.), wamekatazwa kutembeza maneno baina ya watu. Mwaka 1873, huko Vilna, mwanachuoni wao Yisrael Meir Kagan alitoa kitabu kizima juu ya ulimi, Chofetz Chaim. Kwao lashon hara ni kumtaja mtu kwa ubaya hata kama ni kweli. Rechilut ni kumpelekea mtu yaliyosemwa juu yake. Motzi shem ra ni kumzulia. Aliyekaa chuoni atazitambua mara moja: ghiba, namima na buhtani.

Mkoani kwetu jambo hili si la darasani tu. Katika miaka hii ya 2020 wamepita vijijini watu waitwao Kamchape, wakidai kufichua wachawi. Jina si geni, kwani Ufipa waliwajua katika miaka ya 1960. Lakini mfichuaji huyo hukuta jina limekwisha kuandaliwa. Limeanzia mwaloni, dagaa wakianikwa: "Nasikia bibi yule..." Siku hizi limeongezewa na simu. Mwenye kusema "nasikia" hujiona salama, ati maneno si yake. Hana usalama wowote. Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwa kusimulia kila unalosikia kunatosha kuwa uongo. Na Wayahudi hawamwachi hata msikilizaji: ulimi huo, wasema, huwaua watatu, msemaji, msikilizaji na msemwa.

Isidhaniwe tunataka dhulma ifichwe. Imamu Nawawi ametaja sababu sita zinazoruhusu kumtaja mtu, ikiwemo kushtaki kwa mwenye mamlaka na kumnasihi anayeulizia posa. Kagan naye ana masharti saba, na la kwanza ni uwe umeliona mwenyewe au umelihakikisha. Basi mzazi anayeulizwa habari za kijana asijibu kwa "wanasema".

Imebaki toba. Je, uliyemsengenya naye hajui, umwendee umweleze? Kagan alisema ndiyo. Yisrael Salanter akapinga, kwa kuwa utamwumiza upya. Kwetu pia wapo walioshurutisha kuomba radhi, na Ibn Taymiyya akaona inatosha kumwombea dua na kumtaja kwa wema. Tunaelekea kwa Ibn Taymiyya. Ama aliyepeleka jina la bibi kizee kwenye kikao cha kijiji, na nyumba ikavunjwa, huyo hayumo katika hitilafu hiyo, kwani madhara yamekwisha kufika. Arudi kwenye kikao kile kile, mbele ya watu wale wale, ayakanushe maneno yake. Na nyumba ailipe.