Vikwazo vya Iran, Hasara ya Kukhu

Wasee, leo tuambiane ukweli. Kila Iran ikitajwa kwa habari, vijana hapa Kakamega tunagawanyika kama ni mechi ya Ingwe na Gor. Huyu anashangilia mabomu, yule anashangilia makombora. Lakini ni nani amekumbuka majani chai?

Kukhu wangu ana kashamba ka chai upande wa Vihiga. Urani haijui. Lakini chai ya Kenya inauzwa kwa mnada Mombasa, kwa dola, na Iran imekuwa mteja wetu kwa miaka mingi. Vikwazo vyenyewe havikatazi chai. Shida moja ni malipo. Mwaka wa 2018 benki nyingi za Iran zilifungiwa nje ya mfumo wa kutumiana pesa kimataifa. Mnunuzi wa Tehran anaitaka chai, pesa anazo, lakini benki inaogopa kuzipitisha. Mnunuzi akipungua mnadani, bei inalegea, na anayeumia ni mchumaji.

Na si mara ya kwanza. Juni 2012 serikali yetu ilikubali kununua tani milioni 4 za mafuta ya Iran kwa mwaka. Kufika Julai, tumefuta kwa sababu ya vikwazo.

Sasa msinilishe maneno. Sisemi Iran ipewe bomu. Afrika ilizikataa silaha hizo kwa Mkataba wa Pelindaba, na mimi niko hapo hapo. Tena Iran si malaika: mtambo wa Natanz ulifichuliwa 2002, wa Fordow 2009. Ndiyo maana mkataba wa 2015 haukutegemea kuaminiana. Iran ilikubali kurutubisha urani isizidi asilimia 3.67, ibaki na kilo 300 tu, na wakaguzi waingie. Nayo ikalegezewa vikwazo. Wakaguzi wakaripoti mara kwa mara kwamba inatimiza.

Halafu Mei 2018 Trump akajitoa, vikwazo vikarudi. Matokeo? Kufika 2021 Iran ilikuwa inarutubisha hadi asilimia 60. Juni 2025 mabomu yakaangushwa. Huo ndio ushindi?

Fikiria chama kimechukua ng'ombe wako kwa sababu ya deni. Utakimbia kulipa ili arudi. Lakini ukishalipa, wakamrudisha, kisha wakaja tena kumchukua na deni limeisha, nani atakuona kwa mkutano wao tena? Kikwazo kina nguvu pale tu mtu anajua akitimiza kitaondolewa. Bila hiyo ahadi, ni kiboko tu, na anayechapwa sana si yule aliye na mitambo. Ni mama wa Tehran anayetafuta dawa, na ni Kukhu.

Mtasema Kenya ni ndogo, itafanya nini? Tulikaa kwa Baraza la Usalama 2021 na 2022, tukaongea na dunia ikasikia. Basi tuseme na hili: wakaguzi warudi, mazungumzo yarudi, na chakula na chai vipewe njia ya malipo isiyotishwa na mtu. Kunyamaza si kutopendelea upande. Ni kumwachia Kukhu bili.

Fahali wakipigana, nyasi ndizo huumia. Hapa kwetu nyasi ni majani chai.

Wewe unaonaje? Niandikie hapo chini, lakini kuja na hoja, si matusi.