Msanii, Ufunguo wa Duka Lako Uko kwa Nani?

Haya jamani, leo siandiki kuhusu programu wala Linux. Leo nina hasira.

Wiki jana rafiki yangu mwanamuziki alinijia na tarakilishi yake. Albamu yake iko kwenye kila jukwaa unalolijua. Alitaka nimsaidie jambo dogo tu: kujua pesa zake ziko wapi. Tukatafuta weee. Kumbe akaunti iliyosambaza nyimbo ilifunguliwa kwa barua pepe ya prodyusa, na prodyusa hashiki simu. Sauti ni yake, maneno ni yake, studio alilipa yeye. Ufunguo hana.

Basi nasema wazi: ule ushauri wa "weka kila mahali, pesa zitakuja" ni mbovu, na sisi watu wa kompyuta ndio tuliousambaza.

Tazama hesabu. Spotify iliingia Kenya Februari 2021. Ada za wasikilizaji hutiwa kwenye chungu kimoja, kisha hugawanywa kulingana na sehemu ya kila mtu katika usikilizaji wote. Kwa hiyo hata shabiki akikusikiliza wewe tu mwezi mzima, sehemu kubwa ya ada yake inaenda kwa wenye majina makubwa. Na tangu 2024, wimbo usiofikisha mara 1,000 katika miezi 12 haulipwi hata senti. YouTube nayo inataka wafuasi 1,000, pamoja na saa 4,000 za kutazamwa katika mwaka au video fupi zilizotazamwa mara milioni 10 katika siku 90, ndipo ikupe mgao wa matangazo.

Sasa geuza hesabu. Watu 100 wakinunua albamu kwa shilingi 200, hizo ni 20,000. Watu mia moja! Hao ni mtaa mmoja na kwaya ya kanisa jirani.

"Wakenya hawanunui muziki." Nani kasema? Wamelipia nyimbo za Skiza miaka na miaka, hadi marekebisho ya sheria ya hakimiliki ya 2022 yakaamua kwamba mwenye wimbo apate si chini ya asilimia 52 katika mgao huo. Mkenya hakatai kulipa, anakataa usumbufu. Mwambie ajaze nambari za kadi ya benki, atakukimbia. Mpe nambari ya Till, atalipa kabla chai haijapoa.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Kila akaunti ifunguliwe kwa barua pepe yako na nywila yako. Prodyusa ni fundi, si mwenye nyumba.

2. Uwe na tovuti yako, hata ya ukurasa mmoja.

3. Uza mwenyewe. Bandcamp hukata asilimia 15 ya mauzo ya muziki wa kupakua, pamoja na ada ya malipo, na hukulipa kupitia PayPal. Tangu 2018 pesa za PayPal zinaweza kuletwa M-Pesa. Au pokea kwa Till, kisha umtumie mnunuzi kiungo cha kupakua. Wakizidi, tafuta mprogramu akuunganishie na Daraja ya Safaricom ili kazi ijifanye yenyewe.

4. Waombe wanunuzi barua pepe zao. Orodha hiyo ndiyo mali. Jukwaa likifungwa kesho, bado unawafikia.

Simaanishi uyahame majukwaa makubwa. Wageni watakugundua huko, hilo sikatai. Lakini yatumie kama kibao cha barabarani: weka nyimbo mbili tatu, kisha uwaelekeze dukani. Hakuna mfanyabiashara anayepanga bidhaa zote kwenye kibao.

Rafiki yangu ameanza upya na wimbo mmoja, akaunti kwa jina lake. Ile albamu bado inachezwa huko nje, na bado haimlipi.

Na wewe, nywila ya muziki wako iko kwa nani? Kama hujui, usirekodi wimbo mwingine kabla ya kujua. Na anayeona nimekosea, anibishie kwa hesabu.