Sukari Dirisha Hili, Mawazo Dirisha Lile

Leo tuongee juu ya mtu mwenye ugonjwa wa mwili na ugonjwa wa akili kwa wakati mmoja. Msimamo wangu nausema mapema: tunamgawa mgonjwa vipande viwili, na katikati ya vile vipande ndipo watu wanapotelea.

Tuseme kuna mama wa miaka 50, alikimbia kutoka Kivu, yuko hapa Uganda, ana sukari. Kila mwezi anapimwa damu, anapewa vidonge, anarudi nyumbani. Sukari haishuki. Anaambiwa, "Mama, wewe hausikii, haukunywi dawa vizuri." Hakuna anayemuuliza kama analala. Angeulizwa angesema: "Mwanangu, usingizi ulibakia kule. Saa zingine ile dawa naiangalia tu, naona haina maana." Huyo mama si mkaidi. Ana sukari, na ana ile huzuni nzito ambayo wataalamu wanaiita sonona. Sisi tunasema tu "ana mawazo".

Magonjwa haya mawili yanalishana. Mwili wenye msongo unatoa homoni zinazopandisha sukari. Sonona nayo inaondoa nguvu ya kupika, kutembea na kufuata dawa. Sukari ikipanda, uchovu unazidi na huzuni inazidi. Tafiti za nchi nyingi zinaonyesha kwamba mwenye kisukari ana uwezekano wa kama mara mbili wa kupata sonona kuliko asiye nacho. Wenye kifafa, kifua kikuu na virusi vya ukimwi pia inawapata zaidi. Sasa juu yake weka vita, ndugu waliopotea, na chakula cha msaada kinachopungua. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika maeneo yaliyoguswa na vita, karibu mtu 1 kati ya 5 ana tatizo la afya ya akili. Kwenye benchi la wagonjwa 20 wa presha, usishangae wakiwa 4 au zaidi.

Upande wa pili unanitisha zaidi. Mtu akishaitwa kichaa, mwili wake hausikilizwi tena. Akisema kifua kinamuuma, tunasema ni yale mambo yake. Shirika hilohilo linasema wenye magonjwa makali ya akili wanakufa miaka 10 hadi 20 mapema kuliko watu wengine, na mara nyingi ni kwa magonjwa ya mwili yanayoweza kuzuilika. Tena baadhi ya dawa za akili zinaongeza uzito na kupandisha sukari. Kwa hiyo anayezitumia anatakiwa kupimwa uzito, presha na sukari, asipewe vidonge tu na kuambiwa arudi mwezi ujao.

Kukisia nako kunaua. Sukari ikishuka sana, mtu anatetemeka, anatoka jasho, moyo unadunda, anachanganyikiwa. Hofu ya ghafla ya mtu aliyepitia vita inaweza kufanana hivyohivyo. Ukisema "ni vita hiyo, mwombeeni tu" bila kupima, unaweza kumpoteza mtu. Mwombeeni, sawa, lakini apimwe kwanza. Ni tone moja la damu kwenye kidole.

Najua jibu la watu wa kliniki: foleni ni ndefu, wahudumu ni wachache, pesa zimekatwa. Ni kweli, na mimi siombi hospitali mpya ya akili. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani na UNHCR walitoa mwongozo wa afya ya akili kwa mazingira ya dharura, kwa ajili ya wahudumu wa kawaida wasio mabingwa. Kinachohitajika kwanza ni maswali mawili, dakika moja: Katika wiki 2 zilizopita, umekuwa na huzuni au kukata tamaa? Vitu ulivyokuwa unapenda, bado vinakufurahisha? Ila usiulize kama hujui utampeleka wapi akisema ndiyo. Kumfungua mtu kidonda halafu ukamwacha njiani ni ukatili. Na akisema anatamani kufa, asiachwe peke yake hata kidogo.

Sasa zamu yetu vijana. Nani anatafsiri kliniki? Mara nyingi ni sisi. Mama anasema "moyo unaniuma", na wewe unachagua: ni moyo wa kifuani au ni machungu? Ukichagua vibaya, anapewa dawa isiyo yake. Usichague. Muulize tena, halafu mwambie muuguzi maana zote mbili. Na mashirika, tafadhali, msimfanye mtoto awe mkalimani wa mama yake. Kuna mambo ambayo mama hawezi kuyasema mbele ya mtoto aliyemzaa, hasa yaliyompata njiani. Lipeni wakalimani watu wazima, wanaojua kutunza siri. Halafu wekeni sukari na mawazo kwenye faili moja, ili dirisha moja lijue dirisha lingine limetoa nini.

Wengine mtasema, "Ukitaja mawazo, jirani watakuita kichaa." Ndiyo, watu wataongea. Lakini waliongea pia juu ya virusi vya ukimwi, na leo wengi wanachukua dawa zao mchana kweupe kwa sababu kuna waliotangulia kusema.

Wiki hii, ukimsindikiza mzee wako kliniki, usiishie kutaja dawa anazokunywa. Taja pia anavyolala, anavyokula, na kama bado anatoka nje kuongea na wenzake. Akikataliwa kusikilizwa kwenye dirisha hilo, uliza nani anasikiliza, na usiondoke bila jina la mtu na siku ya kurudi.