Neno la Mhariri: Hisani ya Miaka Mitatu

Tangu serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa amri ya tarehe 20 Januari 2025, na shirika la USAID likafunga rasmi kazi zake tarehe 1 Julai ya mwaka ule ule, meza ya jarida hili haijapata kukosa makala yenye kuzihubiria parokia, sharika na vigango vya Morogoro juu ya fadhila za kujitegemea. Na aghalabu mwenye kuhubiri ni mtu aliyekula mshahara wa ruzuku hiyo hiyo kwa miaka mingi, akapanda magari yake, akalala katika hoteli za semina zake, wala asiuone ubaya wake ila siku ile ilipokatika. Sina ugomvi na kujitegemea. Ugomvi wangu ni na ujasiri wa kulitamka neno hilo mbele ya bibi wa Tchenzema anayelea wajukuu kwa shamba la njegere lililolala ubavuni mwa mlima kama paa la nyumba, ambaye maisha yake yote hakupata kumtegemea mtu ila nafsi yake na ukoo wake, na ambaye msaada wa kanisa, ulipomfikia, ulikuwa madaftari ya shule, sare mbili na sabuni ya mche.

Upande wa pili wamesimama wale wasemao kwamba wafadhili hawajaisha duniani: Wajerumani wana Misereor tangu 1958 na Brot für die Welt tangu 1959, na wengineo wapo, basi andiko la mradi livishwe jalada jipya, neno UKIMWI litolewe na mabadiliko ya tabianchi yaingizwe, na kazi iendelee. Maandiko ya namna hiyo nimeyasoma, na ndani yake nimewakuta watoto wale wale wa kigango kile kile, waliokuwa jana wahanga wa ugonjwa na leo wamekuwa wahanga wa ukame, ilhali mvua ya Uluguru ikinyesha nje ya dirisha.

Makundi haya mawili yanagombana juu ya nani atoe, wala hakuna hata moja linaloulizia utoaji wake udumu muda gani. Na hilo ndilo swali lililonifanya niridhie toleo zima lipewe jambo hili la makanisa kulea wasiojiweza kwa ruzuku. Udhaifu wa mwanadamu hauna tarehe ya kukoma: yatima aliyeandikishwa akiwa na miaka minne huhitaji kushikwa mkono mpaka ajue kazi ya kumlisha, na mzee asiye na mtoto huhitaji kushikwa mkono mpaka kaburini. Ruzuku nayo huja na tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, miaka mitatu kwa kawaida, mitano kwa bahati, na katika hiyo mwaka wa kwanza huliwa na kuajiri na kununua vifaa, na wa mwisho huliwa na tathmini; kisha mratibu hurudi Dar es Salaam, na mama wa Jumuiya Ndogo Ndogo hubaki na orodha ya majina ya watu ambao bado wana njaa na sasa wana kumbukumbu ya kushibishwa.

Wanaodhani mambo haya ni ya zama zetu wasome habari za Bagamoyo. Mapadre wa Roho Mtakatifu waliovuka kutoka Unguja na kufungua misheni pale mwaka 1868, kabla ya kupanda bara hadi Mhonda mwaka 1877 na baadaye katika milima yetu, walikuwa watu wa ruzuku kwa kila maana: fedha za kuwakomboa na kuwalea watoto waliouzwa utumwani zilitoka katika vyama vya wahisani vya Ufaransa, kile cha Uenezaji wa Imani kilichoanzishwa Lyon mwaka 1822 na kile cha Utoto Mtakatifu cha 1843, na ili fedha hizo zizidi kuja ilibidi barua ziandikwe, zieleze masaibu ya mtoto fulani na fulani, zichapwe katika majarida, zisomwe na waumini wa Ulaya wakatokwa na machozi na fedha. Afisa miradi wa leo anayempiga picha mtoto wa kijijini Bunduki akiwa amepewa viatu, akaituma pamoja na aya mbili za simulizi ya mafanikio, na ajue kwamba anafanya kazi ya kale yenye mababu zake.

Lakini mapadre wale walifanya na jambo la pili ambalo wajukuu wao wa ofisini wamelisahau: wakati barua zinaandikwa, minazi ilikuwa inapandwa. Walitambua kwamba huruma ya msomaji wa Ulaya hupanda na kushuka kwa habari za vita na bei ya ngano huko kwao, na kwamba nyumba ya yatima inayotegemea barua peke yake imejengwa juu ya hisia za watu wasioijua. Sisemi hivyo ili kuwapamba. Minazi ile ilipaliliwa na mikono ya watoto wale wale waliokombolewa, chini ya kengele na ratiba wasizozichagua, na daftari la mapato hawakulifungua wao. Hapo zipo ithibati mbili, nami nazitaka zote: kwamba hisani yenye rasilimali yake hudumu, na kwamba rasilimali isiyokuwa na hesabu ya wazi kwa wanaolelewa nayo hugeuka ubwana.

Pwani yetu ina jina la jambo ninalolitetea, na Waislamu wa Uswahilini wamelitenda kwa karne nyingi: wakfu. Mtu hutenga nyumba au shamba, mali yenyewe isiuzwe wala isirithiwe, na kodi au mavuno yake yaende kwa msikiti, kwa kisima, kwa mafakiri wa mtaa. Na Zanzibar mpaka leo ipo kamisheni ya kuzisimamia mali hizo. Nimeshangaa kuona katika makala zote za toleo hili, zilizoandikwa na Wakristo wanaoishi nyumba kwa nyumba na Waislamu, ni moja tu iliyolitaja, tena katika mabano. Sheria haituzuii: makanisa yetu tangu zamani hushika mali kwa bodi za wadhamini zilizosajiliwa chini ya Sheria ya Wadhamini, Sura ya 318, na RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, ndiyo yenye daftari la bodi hizo. Wala mji wetu haukosi namna ya kuizalisha mali. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na Chuo Kikuu Mzumbe huleta kila mwaka wanafunzi wasiopata vitanda vya chuo; ruzuku moja tu, badala ya kugawiwa katika semina na posho, ingejenga hosteli ya vyumba vya kawaida pale Kihonda au Changarawe, ambayo kodi yake, baada ya kutoa ukarabati, ingelipa ada na chakula cha watoto wa kigango kimoja cha mlimani mpaka wajukuu wa mfadhili wasahau kuwa babu yao alitoa.

Najua nitakavyojibiwa, kwa kuwa nimekwisha kujibiwa. Wafadhili, wananiambia, hukataza fedha ya mradi isinunue kitu chenye kuzaa faida. Na mimi nauliza ni nani aliyewahi kuwaandikia kuwaomba waruhusu. Wazee wa bodi wana hoja nzito zaidi. Wanakumbuka shule za misheni zilivyochukuliwa na serikali chini ya Sheria ya Elimu ya 1969, na wanakumbuka Aprili ya 1971, nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 zilipotaifishwa, na yule aliyekwenda kulala akiwa mwenye nyumba akaamka mpangaji. Hofu yao si upuuzi. Hata hivyo, nusu karne imepita, na tangu wakati huo miradi ya kulea wasiojiweza iliyokufa mikononi mwa makanisa kwa sababu tu muda wa ruzuku umekwisha haikungojea serikali iitaifishe.

Makala iliyonipendeza kuliko zote si ya msomi. Imeandikwa na mweka hazina wa kikundi cha WAWATA, wanawake Wakatoliki, upande wa Mgeta, naye ametuletea kaunta buku yake tuione. Kila ukurasa una mistari iliyopigwa kwa rula: tarehe, jina la mzee, maharage kilo mbili, chumvi, nauli ya bodaboda ya kumpeleka zahanati, na pembeni alama ya dole gumba lenye wino wa buluu. Mhasibu wa mradi aliyakataa matumizi hayo yote, kwa kuwa maharage ya gulio la Nyandira hayauzwi kwa risiti ya mashine na kijana wa bodaboda hana kitabu cha stakabadhi. Akashauri vitu hivyo vinunuliwe mjini, kwenye duka lenye risiti, kisha vipandishwe mlimani kwa gari. Gharama ya gari ilikubaliwa. Sina la kuongeza hapo, ila kwamba daftari lile, lenye dole gumba la kila aliyepokea, ndiyo hesabu ya wazi kuliko zote nilizoziona mwaka huu, na wafadhili wetu hawana safu ya kulipokelea.

Makala ya pili yenye kustahili kusomwa polepole yahusu fomu ya kuandikisha watoto waishio katika mazingira hatarishi. Fomu huuliza mkuu wa kaya ni nani, na baba yu hai au amekufa. Ilhali kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, ardhi hupitia kwa mama, na mjomba ana sauti ambayo baba hana. Hivyo mtoto aliyefiwa na baba, mwenye wajomba watatu na shamba la ukoo, huandikwa yatima na kupata begi. Na yule ambaye baba yake yu hai mjini, lakini mama amekufa na ukoo wa mama umetawanyika, hukosa. Mwandishi anapendekeza fomu irekebishwe. Mimi napendekeza wazee wa ukoo waulizwe kwanza, kwa maana milima hii imekwisha kuona hali ya mipango isiyowauliza: matuta ya Uluguru ya miaka ya 1950, yaliyoletwa kwa nia njema ya kuhifadhi udongo na kulazimishwa kwa faini, yaliishia katika fujo za Matombo mwaka 1955, ilhali mbuzi wa maziwa wa asili ya Norway, waliopandishwa Mgeta na Chuo Kikuu cha Sokoine mwishoni mwa miaka ya 1980, walikaa kwa sababu samadi yao ilihitajiwa na bustani za mboga zilizokuwako tayari.

Juu ya Mapatano ya tarehe 21 Februari 1992 baina ya serikali na makanisa kuhusu huduma za elimu na afya, waandishi wawili wamevutana kwa heshima. Manung'uniko ya Waislamu juu ya mapatano hayo yana haki ya kusikizwa, na katika mkoa ambao ndugu wa ukoo mmoja huzikwa wengine kwa padre na wengine kwa shehe, wakfu wa kulea maskini usioulizia dini ya anayelelewa ungekuwa jibu bora kuliko tamko lolote la kamati. Makala juu ya masista wa Mgolole na watoto wao isomwe na kila mtu. Ile ya makazi ya wazee ya Chazi ni fupi mno, na mwandishi wake amekwisha kuombwa aendelee. Ile ya viashiria na matokeo imechapishwa kwa sababu tuliahidi.

Kurasa nne za toleo lijalo nimeziacha wazi. Bodi ya wadhamini yoyote, ya kanisa lolote mkoani Morogoro, itakayoleta orodha ya mali inayoishika kwa ajili ya wasiojiweza, ikiwa ni nyumba, kiwanja, mashine ya kusaga au akiba ya benki, pamoja na hesabu za mwaka mmoja jinsi zilivyosomwa mbele ya waumini, itachapiwa pasipo kukatwa neno. Na zisipoletwa, kurasa hizo zitatoka nyeupe, na chini yake yatapigwa chapa majina ya bodi tulizoziandikia. Hesabu ziwe kwa Kiswahili, na sahihi ya mweka hazina iwepo.