Kabla ya kuota meli za Danube, tuutazame Mto Athi

Majuzi, nikiwa nimeketi katika mkahawa mmoja hapa sokoni Matiliku, alinijia kijana niliyepata kumfundisha miaka mingi iliyopita. Yeye ni mhudumu wa mezani katika meli ya watalii huko Ulaya, na alikuwa amerejea nyumbani kwa likizo. Meli yenyewe si ya baharini bali ya mtoni: ndefu, nyembamba, na ya kimo kifupi ili iweze kupita chini ya madaraja. Hung'oa nanga mjini Passau, Ujerumani, ikateremka na maji ya Danube hadi Vienna, Bratislava na Budapest, kisha ikarudi ilikotoka.

"Mwalimu," akaniambia huku akinionyesha picha, "watu hawa hulipa fedha ambazo hapa kwetu zingejenga nyumba ya mawe, ili wapelekwe polepole wakitazama majumba ya kale."

Waliokuwa mezani waliangua kicheko. Mmoja wao akadakia kwamba bwawa la Thwake litakapojaa, sisi nasi tutakuwa na meli zetu, na Wazungu watakuja kula muthokoi juu ya maji wakiitazama milima ya Mbooni. Kicheko kikazidi. Mimi pia nilicheka, lakini niliporudi nyumbani neno lile lilinikaa moyoni, na ndilo lililonifanya niishike kalamu. Kwani ni kweli tuna mto, tuna historia kandokando yake, na bwawa linajengwa. Kwa nini basi wazo la meli lituchekeshe?

Kwanza tuangalie kile wanachonunua hao wasafiri. Kijana yule aliniambia kwamba meli ikipita katika bonde la Wachau, abiria wote hutoka nje kuitazama ngome iliyobomoka juu ya mji mdogo wa Dürnstein. Humo ndimo alimofungwa Mfalme Richard wa Uingereza katika majira ya baridi ya mwaka 1192, alipokuwa akirejea kutoka vita vya msalaba. Ni kuta chache tu zilizosalia, lakini zina kisa, na kisa hicho kinamlisha mwenye hoteli, mwenye mzabibu na mwenye boti. Wakifika Budapest huonyeshwa viatu vya chuma vilivyopangwa ukingoni mwa mto, ukumbusho uliowekwa mwaka 2005 kwa ajili ya Wayahudi waliopigwa risasi na kutoswa humo wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Meli zinazoendelea kusini zaidi hupita Vukovar, mji uliopondwapondwa kwa mizinga mwaka 1991, na Novi Sad, ambako madaraja yaliangushwa kwa mabomu mwaka 1999. Msafiri, basi, hauziwi uzuri mtupu. Huuziwa kumbukumbu, hata zile chungu.

Hata hivyo, tusije tukadhani kwamba mito ya Ulaya iliumbwa safi na yetu ikaumbwa michafu. Mwaka 1858 mto Thames ulinuka hata London yote ikaziba pua. Kwa bahati njema, Bunge la Uingereza limejengwa ukingoni mwa mto huohuo. Uvundo ulipowaingia waheshimiwa puani, sheria ya kugharimia mifereji mikubwa ya majitaka ilipitishwa kwa muda wa siku chache, na mhandisi Joseph Bazalgette akakabidhiwa kazi. (Sijui ingekuwaje iwapo Bunge letu lingekuwa huku chini, mahali Athi inapotenganisha Makueni na Kitui.)

Kisa cha Rhine kinatuhusu zaidi, maana Rhine ni mto wa mataifa mengi kama vile Athi ulivyo mto wa kaunti nyingi. Uswisi, Ufaransa, Ujerumani, Luxembourg na Uholanzi zilikwisha kuunda tume ya kuulinda mwaka 1950, lakini kwa miaka mingi viwanda viliendelea kumwaga sumu humo. Mnamo Novemba 1, 1986, ghala la kampuni ya Sandoz karibu na mji wa Basel liliungua. Maji yaliyotumiwa kuuzima moto yaliingia mtoni pamoja na shehena ya dawa za kuua wadudu, maji yakageuka mekundu, na samaki wakafa kwa maelfu, mikunga hasa. Mbele ya janga hilo mawaziri hawakuridhika na hotuba. Mwaka uliofuata walikubaliana juu ya mpango wenye lengo ambalo hata mtoto angelielewa: ifikapo mwaka 2000, samaki aina ya samoni arudi katika Rhine. Samoni alirudi. Safari yake ya kupanda hadi Basel bado ina vikwazo vya mabwawa, lakini alirudi, na ni wachache waliokuwa wakiliamini jambo hilo mwaka ule wa moto.

Sasa tuutazame Athi. Ni mto wa pili kwa urefu nchini Kenya baada ya Tana. Hupokea mito ya Nairobi, hupomoka katika maporomoko kumi na manne karibu na Ol Donyo Sabuk, kisha ukaandamana na uwanda wa juu wa Yatta, mgongo wa lava ambao ni miongoni mwa mirefu zaidi duniani. Ukiisha kuungana na mto Tsavo huitwa Galana, na unapokaribia pwani huitwa Sabaki, ukaingia baharini kati ya Malindi na Mambrui. Malindi ndiko Vasco da Gama alikotia nanga mwaka 1498. Mto mmoja, majina matatu, na miji ya Waswahili mwishoni mwake. Danube ina nini cha kutuzidi kwa visa?

Inatuzidi kwa maji, naam. Lakini inatuzidi zaidi kwa jambo jingine. Kabla ya kutufikia sisi, Athi umekwisha kupokea majitaka ya Nairobi, mabaki ya viwanda, mafuta ya magereji na takataka zinazomomonyoka kutoka jaa la Dandora lililo kando ya mto. Povu jeupe linaloelea mtoni si theluji ya kupigia picha. Ng'ombe wa Kitui na wa Makueni wanakunywa humo. Sukuma wiki zinanyweshwa humo. Akina mama ambao hawana kisima wala bomba huteka humohumo, na hawana la kuchagua.

Sisemi kwamba hakuna aliyejaribu. Marehemu John Michuki, alipokuwa Waziri wa Mazingira kuanzia mwaka 2008, alionyesha kwamba hata mto Nairobi unaweza kupumua endapo mkubwa atakubali kuchukiwa. Bustani iliyopewa jina lake bado ipo kando ya mto huo. Alipofariki mwaka 2012, juhudi zilififia. Mnamo Machi 2025 serikali ilizindua mradi mwingine wa kuufufua mto huo, nasi tunauombea heri. Ila mtu aliyekwisha kuumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Na hapa ndipo suala la bwawa linapoacha kuwa mzaha wa mkahawani. Bwawa la Thwake, lililoanza kujengwa mwaka 2018 mahali mto Thwake unapokutana na Athi, lina ukuta wa zaidi ya mita 80 kwenda juu, na limekusudiwa kubeba zaidi ya mita za ujazo milioni 680 za maji. Tumeahidiwa maji ya kunywa, maji ya kunyunyizia mashamba, na umeme. Tarehe ya kukamilika imesogezwa mara kadhaa. Kusubiri hatukuanza jana, na ukame umetufunza subira. Lakini mto unaotiririka angalau husukuma uchafu wake mbele. Maji yaliyozuiliwa hukaa nao. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali amekwisha kuonya kwamba uchafu utokao Nairobi waweza kuyaharibu maji ya bwawa hilo. Ikiwa onyo hilo litapuuzwa, tutakuwa tumetumia mabilioni ya shilingi kuwachimbia Wanairobi tangi la choo katikati ya Ukambani. Meli gani itaelea humo, na mtalii gani atakayekula chakula juu yake?

Nikiishia hapo nitakuwa nimewaonea watu wa Nairobi, maana sisi wenyewe tuna dhambi yetu, nayo ni mchanga. Mito yetu mingi ya Makueni, kama Kaiti na Thwake, ni ya msimu. Mgeni akiiona mwezi wa Septemba atadhani imekufa. Mwenyeji anajua kwamba maji yamejificha. Mchanga mnono hushika maji kiasi cha robo hadi thuluthi ya ujazo wake, huyakinga na jua, huyachuja, na mbu hana pa kutaga mayai. Ndiyo maana vikundi vya mwethya vimejenga kuta za saruji kukingama mito hiyo, ili mchanga ulundikane nyuma yake na maji yabaki humo hadi kiangazi. Huko Utooni kazi hiyo ilianza mwishoni mwa miaka ya sabini, na wageni kutoka mbali wamekuja kujifunza.

Kisha yanakuja malori usiku. Kila lori la mchanga linalopelekwa Nairobi kujenga maghorofa limebeba pamoja na mchanga huo maji ya kesho ya mtu fulani. Mto ukishafagiliwa mpaka mwamba ukaonekana, mvua ikinyesha maji hupita mbio kama mgeni aliyekosea nyumba, na baada ya wiki moja mama anatembea mwendo wa saa mbili na punda. Watu wameumizana na hata kuuana kwa sababu ya mchanga huo. Makueni ilipitisha sheria ya kuuhifadhi mwaka 2015, na yafaa isifiwe kwa hilo. Hata hivyo sheria hailali kando ya mto usiku. Anayelala huko ni kijana asiye na kazi, anayepewa mia chache apakie lori. Sheria isiyompa huyo kijana kazi nyingine itamkuta na sepetu mkononi kila mara.

Kuhusu historia, sisi ni matajiri tusiojua tulikozika mali. Karibu nasi hapa limesimama jabali la Nzaui, ambapo, kwa masimulizi ya Wakamba, Mulungu aliwaweka watu wa kwanza, na nyayo zao zikabaki katika mwamba. Mwaka 1849 mmisionari Ludwig Krapf alitoka Rabai, akauvuka Athi hadi Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mkuu wa misafara ya pembe za ndovu, na ni huko Kitui, Desemba 3, alikouona mlima Kenya, ambao Kivoi alikwisha kumsimulia habari zake. Vitabu husema Krapf aliuvumbua. Kivoi aliyemwambia mahali ulipo, alivumbua nini?

Mwaka 1851 wawili hao walisafiri kuelekea Tana. Wakashambuliwa, Kivoi akauawa, na Krapf akatoroka peke yake nyikani. Alipoyapata maji hakuwa na kibuyu, akayajaza katika mitutu ya bunduki yake na katika mfuko wa darubini. Mtu huyu alizaliwa Derendingen, karibu na mji wa Tübingen ulio ukingoni mwa mto Neckar, nao Neckar humwaga maji yake katika Rhine. Leo watalii hupanda meli mto huohuo kuitazama Heidelberg. Mtoto wa Neckar aliyebeba maji kwa mtutu wa bunduki katika nchi ya Ukambani: Wazungu wangekuwa na kisa kama hicho, wangekijengea gati, sanamu na duka la kuuzia kadi. Sisi sijaona hata kibao barabarani.

Sidai, basi, kwamba tuige meli. Athi hauna kina cha meli, na kiangazi hauna hata kina cha mtumbwi. Hata Rhine, mwaka 2018 na tena mwaka 2022, ulipungukiwa maji kiasi kwamba vyombo vilipita Kaub kwa taabu vikiwa na nusu ya mizigo yao. Ninachodai ni kilichotangulia meli. Kaunti za Nairobi, Kiambu, Machakos, Makueni, Kitui, Taita Taveta na Kilifi zinanywa kutoka kikombe kimoja. Ziwe na meza moja yenye uwezo wa kumshtaki anayekitemea mate, awe mwenye kiwanda au serikali yenyewe. Na meza hiyo ijiwekee lengo la samaki, si la semina: ngege aliwe salama katika Athi kabla ya malango ya Thwake kufungwa.

Kijana wetu anarudi Passau mwezi ujao. Ameniuliza aniletee nini. Nimemwambia asiniletee chochote, ila aniandikie jinsi maji ya Danube yanavyopimwa, nani huyapima, na matokeo yake hutangazwa wapi. Kisha nitamwendea chifu wetu na mheshimiwa diwani kuwaomba jambo dogo: karatasi moja, kila mwezi, ibandikwe katika mlango wa ofisi ya kila kijiji kinachoteka Athi, ikieleza kwa Kikamba na kwa Kiswahili ni nini kilichomo ndani ya maji ambayo watoto wamekunywa asubuhi hiyo.