Kamera ya Kijana Wetu: Tusidanganywe na Megapikseli



Ndugu zetu wazazi, na nyinyi vijana wetu mnaosoma. Kila likizo kubwa inapokaribia, hutujia mzazi mmoja au wawili hapa Buyenzi na swali lile lile: kijana wangu anataka kamera, apige picha za mpira na za paka wa nyumbani, nimnunulie ipi? Anayeuliza huwa ameshapita dukani, ameshaambiwa kuwa yenye megapikseli 24 ndiyo bora, na pesa ameikusanya kwa miezi. Tumeona tuliandike jambo hili, kwa sababu sisi wenyewe tuliwahi kukosea, na kosa letu halikuishia kwenye pesa.

Kuhusu hukumu ya picha yenyewe, wanavyuoni wana kauli zao na kila familia ina mwalimu wake wa kumuuliza. Hapa tunazungumza na wale ambao wameshaamua kununua.

Kisa chetu ni hiki. Wazazi wa madrasa walichanga, tukanunua kamera mpya ya SLR ya daraja la kwanza, pamoja na lenzi yake ya kawaida ya 18-55, kwa ajili ya mashindano ya mpira ya watoto wetu. Tukamkabidhi mwanafunzi mmoja wa miaka 16, mpole, mwenye jicho zuri. Mechi zilichezwa baada ya Alasiri. Picha zilipofunguliwa kwenye kompyuta, watoto walikuwa kama moshi uliovaa jezi, na mpira ulikuwa mstari mweupe. Paka wa madrasa, ambaye kijana alimpiga picha zaidi ya mia, alionekana vizuri pale tu alipokuwa amelala. Tukamlaumu kijana. Tulimwambia mbele ya wenzake kuwa hana umakini, na kwamba amana ya wazazi haichezewi. Akairudisha kamera bila kusema neno.

Miezi ikapita. Siku moja akaazima kamera kuukuu ya jirani anayepiga picha za harusi, Canon 7D, aina iliyotoka mwaka 2009, ikiwa na lenzi ya 50mm f/1.8. Jirani akakaa naye nusu saa kumwelekeza. Uwanja ule ule, saa ile ile. Kijana akatuletea picha ya golikipa akiwa hewani, vidole vyote kumi vinaonekana, na vumbi limesimama chini ya viatu vyake. Tulimwomba radhi mbele ya wale wale tuliomlaumu mbele yao. Ilikuwa haki yake.

Kilichobadilika ni nini? Kwanza ni mwanga. Hapa Bujumbura jua huzama karibu na saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na giza letu halibishi hodi. Watoto hucheza kati ya saa kumi na saa kumi na mbili, yaani mwanga unapungua kila dakika. Ili kumkamata mtu anayekimbia, shata ya kamera yatakiwa ifunguke kwa sehemu moja tu ya 500 ya sekunde. Paka anayeruka kutoka ukutani anahitaji sehemu moja ya 1000. Sasa lenzi ya 18-55 ukiivuta mpaka mwisho, tundu lake halipanuki kupita f/5.6. Ile ya 50mm hupanuka hadi f/1.8, na hupitisha mwanga karibu mara kumi zaidi. Ndugu msomaji, mara kumi! Katika hesabu hiyo megapikseli hazimo kabisa.

Pili ni wepesi wa kulenga. Chukua Canon 2000D ya mwaka 2018: megapikseli 24, picha 3 kwa sekunde, nukta 9 za kulengea. Ile 7D iliyoitangulia kwa miaka tisa ina megapikseli 18, lakini hupiga picha 8 kwa sekunde na ina nukta 19. Kwa picha ya bibi aliyekaa kwenye mkeka, 2000D inatosha na zaidi. Kwa mtoto anayekuja mbio, mkubwa anamshinda mdogo. Mafundi wa magari wa Buyenzi hawashangai wakisikia hivyo: gari hawalipimi kwa rangi, hufungua boneti kwanza.

Hatusemi kwamba 7D haina kasoro. Jioni ikiingia sana picha zake huwa na chengachenga. Mwenye uwezo kidogo zaidi atafute Canon 70D ya mwaka 2013, au Nikon D7000 ya mwaka 2010, au D7200 ya mwaka 2015. Kwa Nikon kuna mtego mmoja: kamera zake ndogo, kama D3500, hazina mota ya kulengesha ndani yake, kwa hiyo ukinunua lenzi ya zamani ya bei nafuu utalenga kwa mkono. Paka hatakusubiri. D7000 na D7200 zina mota hiyo.

Wengine watatuambia SLR zimepitwa na wakati. Ni kweli kwamba tangu 2020 Canon na Nikon hawajatoa SLR mpya, na kwamba kamera za siku hizi zisizo na kioo ndani hutambua hata jicho la mnyama na kulifuata. Mwenye nazo na afurahie. Lakini kwa sababu hiyo hiyo watu wanauza SLR zao, na familia ya kipato cha kawaida inapata chombo kizuri cha mkono wa pili. Tena betri yake hudumu, maana kidirisha cha kuchungulia hakili umeme. Na umeme wetu tunaujua.

Ushauri wetu basi: igawe pesa. Nusu kwa kamera iliyotumika, nusu kwa lenzi. Kwa nyumbani na paka, 50mm f/1.8. Kwa mpira wa mchana, 55-250 ya Canon yatosha, ila jioni itakuangusha kama ilivyotuangusha ile nyingine. Kabla ya kulipa, mulika lenzi kwa tochi uone kama ina ukungu ndani, kwani mji wetu uko kando ya ziwa na unyevu haukosekani. Piga picha ishirini mfululizo usikilize kama shata inakwama. Muuzaji akikataa usijaribu, rudi nyumbani na pesa yako.

Kisha mfundisheni mtoto, au mtafutieni wa kumfundisha. Hili ndilo sisi tuliloliacha. Ile nusu saa ya jirani ilikuwa na mambo mawili: kuweka shata kwenye 1/500 mwenyewe badala ya kuiachia kamera iamue, na kuweka ulengaji wa kufuata, ambao kwenye Canon huandikwa AI Servo na kwenye Nikon AF-C. Kijana wetu hakuambiwa hata moja, halafu tukamwita mzembe.

Na wanyama wana haki zao. Sote tunaijua hadithi ya mwanamke aliyemfungia paka. Usimfukuze paka wala kumrusha ili upate picha, wala usimmulike flashi usoni. Lala chini, kamera iwe usawa wa macho yake, mwache mdogo wako achezeshe kamba, subiri. Kuhusu viboko wanaotoka ziwani jioni, hiyo si kazi ya kamera ya mwanafunzi. Viboko wameshaua watu katika mwambao wetu huu, na hakuna lenzi tuliyoitaja hapa inayomruhusu mtoto kusimama karibu nao.

Ile kamera yetu ya kwanza hatukuiuza. Iko kabatini, na hutoka siku za kutoa vyeti, wanafunzi wakiwa wamesimama kwenye mstari saa nne asubuhi. Kwa kazi hiyo haina kosa.